Tawi la Kushoto la Mzee Momose

Jumamosi, 15 Desemba

Nimevunja tawi. Naandika hapa kwa sababu sina mahali pengine pa kusema.

Nilifika kwenye ukumbi wa klabu yetu ya bonsai, miti midogo ya vyunguni, saa moja asubuhi, peke yangu, maji ya ndoo bado barafu. Kiherehere! Jumamosi iliyopita Mwenyekiti Kubodera alisema mbele ya wote kwamba mikono yangu ni mizuri ila ina woga. Basi nikataka wakija saa tatu wakute kazi imekwisha. Na mti wenyewe si wa kujifunzia. Ni msonobari wa Mzee Momose, ule ambao baba yake aliuteremsha mlimani mgongoni ukiwa hauzidi urefu wa mkono. Mzee yuko hospitali, amevunjika nyonga. Ameikabidhi klabu iutengeneze kwa maonyesho ya Februari, na akasema wazi: aushike Hisae, yaani mimi, mtu mwingine asiuguse.

Nikalifunga tawi la kushoto kwa nyuzi za katani zilizolowa, nikazungushia waya wa shaba, nikaanza kulikunja. Kila mtu wa kazi hii anajua kwamba mti uliokesha kwenye baridi haukunjwi kabla haujaota jua. Mimi ndiye ninayewafundisha wapya! Likashuka vizuri. Nikasema, kidogo tena. Likalia — ka! — kama kijiti cha kulia wali kikivunjika.

Ufa uko upande wa chini. Ukucha wangu unaingia nusu. Nimepaka dawa ya kuziba, nimezidisha katani, nimerudisha waya juu yake. Walipofika walisifu. Aruga, kinyozi wetu, akasema, "Dada Hisae, siku ukichoka na miti njoo dukani kwangu. Kuna vichwa vinalilia mkunjo kama huu." Wote wakacheka. Na mimi nikacheka.

Jumanne, 18 Desemba

Sijala vizuri tangu Jumamosi. Ubaya wa msonobari ni kwamba haukimbilii kufa. Tawi likikatika mishipa, sindano zake, yale majani membamba, hubaki kijani wiki sita, hata nane, hasa wakati wa baridi. Leo nimeliangalia nusu saa nzima. Kijani kabisa! Lakini ni kijani cha uhai au cha mazoea? Hakuna wa kumwuliza bila kujifichua.

Jumanne, 1 Januari

Mwaka mpya. Nimempelekea Mzee Momose chenza na mochi, keki za mchele wa kunata — muuguzi akaichukua mochi palepale, wazee husongwa nayo. Mzee akanung'unika kwamba hospitali hii inaogopa kila kitu kasoro supu yake mbaya.

Kisha akauliza habari za mti. Nikamwambia umelala vizuri. Akasema baba yake alikuwa na desturi ya kulishika tawi la kushoto kila asubuhi kabla ya chai, kama mtu anayemsalimia mtoto, na yeye ameendelea hivyo miaka hamsini na moja. Sasa mkono wake haujui ufanye nini asubuhi. Alisema hivyo huku anacheka, lakini macho yake hayakucheka.

Nilifungua mdomo. Wallahi nilifungua. Muuguzi akarudi na vidonge, na nikafurahi kumwona! Nimeona haya njia nzima hadi nyumbani.

Ijumaa, 25 Januari

Balaa nyingine. Zamu ya maji jana ilikuwa ya Aruga. Wateja walimchelewesha, akafika kwenye banda la miti saa kumi na moja na nusu jioni, akamwagilia. Januari! Jioni! Usiku baridi ikashuka hadi nyuzi kumi na moja chini ya sifuri. Asubuhi udongo wa vyungu vyote ulikuwa mgumu kama jiwe.

Mwenyekiti amemfokea mpaka majirani wamechungulia. "Miaka ishirini kwenye klabu na bado unamwagilia kama unasafisha gari!" Aruga hakujitetea. Alikuwa akizunguka na blanketi, anafunika vyungu kimoja kimoja, mikono myekundu. Hakuna chungu kilichopasuka. Nilimsaidia kufunika. Nilimwambia miti ina roho ngumu.

Jumamosi, 2 Februari

Limeanza. Sindano za tawi la kushoto zimefifia, zimeingia ukijivu, na mbili tatu ncha zake ni njano. Matawi mengine yote yanang'aa. Kila mtu ameona.

Mwenyekiti alichuchumaa, akatazama sana. Mkono wake ulipita juu ya katani. Ulipita tu! Kisha akasimama na kutoa kauli: mizizi ya upande ule iliganda usiku ule wa Januari, na mizizi hiyo ndiyo inayolisha tawi hilo. Hakutaja jina. Hakukuwa na haja, vichwa vyote viligeuka vyenyewe.

Aruga akasema, "Ni mimi." Akarudia tena, polepole, "Ni mimi, jamani. Nimeua tawi la mzee."

Nilikuwa nimeshika birika. Nikawamiminia chai, kikombe baada ya kikombe, mpaka chai ikaisha.

Na ni kweli alimwagilia jioni. Hilo sikulitunga mimi. Labda ufa ulikuwa unaunga na baridi ndiyo iliyomaliza. Labda. Najikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe humu kwenye daftari, na hata humu natafuta pa kujificha.

Jumatano, 6 Februari

Nimepita kwa Aruga mchana. Duka limefungwa, ile nguzo ya rangi ya vinyozi mlangoni haizunguki. Mke wake, Fusae, alinifungulia mlango wa nyuma. Mume amekwenda kumpelekea shemeji yake mti wa mwisho wa ile mikuyu midogo aliyoiotesha kwa mbegu binti yao alipozaliwa. Yote amegawa. Barua ya kujitoa kwenye klabu iko mezani, ameiandika mara nne. Usiku hapati usingizi. Juzi alimkata mteja sikio.

Fusae akanishika mikono miwili. "Dada Hisae, kati ya watu wote wa klabu ni wewe peke yako uliyekuja. Mungu akulipe."

Nimenywa chai yake. Nimekula na figili zilizotiwa chumvi, vipande vitatu, kwa sababu alikuwa ananitazama. Mimi ni mtu wa namna gani?

Jumamosi, 9 Februari

Jikoni, ukumbini. Naandika nyuma ya ratiba ya zamu, nitaibandika baadaye. Nimeomba dakika tano za kuchemsha maji.

Maonyesho ni kesho. Mzee Momose ameletwa na binti yake kwa kiti cha magurudumu, amekonda, kofia imemfika masikioni. Kabla hata hajavuliwa koti, Aruga akapiga magoti, paji la uso likagusa mkeka. Akasema hastahili kusamehewa ila ameona lazima aseme mwenyewe. Sauti ilikuwa inakatika. Jiko la mafuta linavuma.

Mzee alimtazama muda mrefu. "Inuka, bwana. Utanifanya nilie, na nikilia nyonga inauma." Lakini Aruga hakuinuka. Na mzee naye alikuwa analia tayari. Kisha akanyoosha mkono, akalishika lile tawi kavu, akalishikilia, na sindano zikamdondokea mapajani.

Mwenyekiti akasema hakuna la kungoja. Likatwe shinani sasa hivi, lilivyo, na katani yake na waya wake, litiwe motoni. Mti uonyeshwe ukiwa na upande mmoja, watu wataelewa. Akasema nikate mimi. Mzee akaitikia kwa kichwa: Hisae, ndiyo.

Mapigo mawili matatu ya msumeno, basi. Hakuna atakayeona chochote, leo wala milele. Nimewekewa kila kitu tayari, kama karamu!

Maji yamechemka. Mlango umefunguliwa — ni Aruga, macho mekundu, mkeka umemwachia alama kwenye paji la uso. Anasema wananiita. Anauliza kama anaweza kunisaidia kushika tawi wakati nakata, angalau hilo, dada, niruhusu hilo. Vifaa viko juu ya sinki. Anauliza anibebee msumeno?

Nimemwambia aache msumeno. Achukue mkasi, tunafungua katani kwanza.

Ameuchukua. Amekwenda nao. Namsikia akimwambia mwenyekiti, na mwenyekiti anauliza kwa nini, na Aruga anasema sijui, dada amesema hivyo. Sasa wote wananisubiri, na chini ya katani ile kuna ufa. Naweka kalamu, nainuka kwenye ndoo.