"Yo" Iliyomezwa na Laptopu

Samhak-dong, Mokpo
9 Oktoba 2023

Mpendwa mdogo wangu Gwang-hun,

Salamu kwanza, matusi baadaye. Hujambo huko São Paulo? Mgongo umepoa? Shemeji Mi-ok bado anakukaripia kwa Kireno? Huku tu wazima, ila mimi nina kichefuchefu, na aliyekileta ni wewe.

Ni hiyo Linux yako, mfumo wa kuendeshea kompyuta. Ulinishawishi, "Weka tu, kaka, laptopu kuukuu itakimbia kama mpya." Nikaiweka mwenyewe, bila fundi. Mtu aliyefufua injini ya meli ya jodari karibu na Las Palmas atashindwa na kisanduku cha plastiki? Ikawaka. Nikajisifu mtaa mzima. Kumbe!

Nikiifunga, hailali, inachemka ndani ya mkoba kama sufuria ya wali. Nikivuta ukurasa juu, unashuka. Sauti nayo inakimbilia kwenye televisheni ya sebuleni, mke wangu akasikia vichekesho vyangu vyote vya hovyo. Hayo niliyarekebisha moja moja huku nikitema mate. Uchafu gani huu, kumkabidhi mtu nyumba ambayo milango yote inafunguka kinyume?

Lakini lililonitia kinyaa hasa ni kuandika Kikorea. Ukituma ujumbe upesi, silabi ya mwisho inamezwa. Wewe uliondoka mdogo, huenda umesahau: kwetu heshima yote imekaa mkiani mwa sentensi, kwenye "yo". Ikikatwa hiyo, shikamoo inageuka "we!"

Na nilimwandikia nani? Baba Mkubwa, baba yako mzazi! Nilimwomba akae kiti cha mbele kwenye harusi ya binti yangu Boram, Jumamosi hii, mahali pa marehemu baba yangu. Ujumbe wa kwanza ukafika: "Njoo harusini!" Wa pili: "Kaa mbele!"

Simu ikalia papo hapo.

"Wee Gwang-pil! Tangu lini mimi na wewe ni marika? Nimekulea mimi, leo unaniita kama mbwa?"

"Baba Mkubwa, si mimi, ni laptopu..."

"Basi hiyo laptopu ndiyo ikae mbele!"

Akakata. Boram akalia mpaka macho yakavimba, maana mgongo uliombeba utotoni ni wa mzee huyo. Akasema kiti kile kikibaki kitupu, yeye ukumbini haingii.

Niliitukana Linux kwa lugha za bandari zote ninazozijua. Kisha nikaing'oa programu ile ya kuandikia, nikapachika nyingine, nikaizima na kuiwasha, nikajaribu: yo, yo, yo. Mke wangu akauliza, "Baba Boram, uzeeni ndipo unapoanza kurapu?" Lakini haikumeza tena.

Nikamwandikia mzee msamaha, kila sentensi na yo yake. Nikaanza kumwonea haya hata paka. Leo asubuhi ndipo likaja jibu:

"Nimezipokea yo zako, pamoja na zile zilizochelewa njiani. Suti yangu iko kwa dobi. Mwambie Boram asilie, atavimba kwenye picha."

Mashine yenyewe bado inanichefua, na ushauri wako mwingine kaa nao huko huko. Barua hii nimeiandika kwa kalamu. Yenyewe haimezi kitu.

Nisalimie Mi-ok, mwanao Diogo, na mama mkwe wako. Mbingu zikulinde, na kila chombo ushikacho kikuheshimu.

Wako akupendaye, ingawa wiki hii kwa shida,
Kaka yako Tak Gwang-pil