Mashine Hulala Imesimama

Rosettenville, Oktoba 2018

Mjukuu wangu Mwanaidi,

Hatujambo sote. Baridi imetuacha, na bibi yako amerudi kuimba jikoni.

Umeniuliza namna ya kulaza mashine ya boti, yaani kuitayarisha ipumzike msimu wote wa baridi, kabla ziwa lenu huko Kanada halijaganda. Umeuliza mwenyewe!

Nilipokuwa na nguvu zangu, nilifanya kazi gereji ya boti hapa Joburg. Msimu wa baridi ulipokaribia, fundi wetu, Mzanzibari mkali, alimwambia mwenzangu Ilunga wa Lubumbashi, “Ilaze hiyo.” Ilunga akailaza kweli, chali, juu ya blanketi! Maji yaliyobaki ndani yakaanza kuelekea kwenye silinda.

“Nani kakwambia uilaze hivyo?” fundi akafoka.

“Eh, papa, si kulala ni hivi?”

Nilidhani Ilunga kazi hana tena. Fundi akacheka, akaisimamisha, maji yakachuruzika yote, ndipo akapulizia oili kwenye silinda. Tangu siku ile, kila agizo alilionyesha kwa mkono kwanza.

Nawe isimamishe mashine yako vivyo hivyo, maji yatoke yote, kisha oili. Na huyo mumeo anayejifunza Kiswahili, ukimwambia “ilaze”, usiishie kwenye neno. Mshike mkono.

Babu yako,
bado nimesimama wima.