Perege Wanaopanda Juu Alfajiri

Nkowe, Ijumaa. Mwezi wa kumi na moja umeingia na mvua haijaonekana. Jua limetoka kali tangu asubuhi, upepo hakuna, na mimi nimechoka hoi. Viganja vimetoka malengelenge, mgongo haunyooki, na kalamu naishika kama mpini wa jembe. Lakini nisipoandika leo nitakaa na jambo hili kifuani, na kifua chenyewe kimejaa.

Ni habari ya samaki. Najua mtu akisoma atacheka, mwanamume mwenye mke na watoto wawili anahangaika kwa ajili ya perege. Acha acheke.

Bwawa letu liko bondeni, nyuma ya mihogo ya wakwe zangu. Tulilichimba mimi na baba mkwe, mwaka ule kazi ya karanga za Wazungu ilipokwisha kule Nachingwea nami nikarudi mikono mitupu, na koleo moja na daftari hili. Mimi kwetu Narung'ombe, lakini nimeoa hapa Nkowe, na kwa desturi ya sisi Wamwera mume ndiye anayehamia kwa mke. Kwa hiyo naishi ukweni. Aliyewahi kuishi ukweni hahitaji maelezo zaidi.

Bwana Samaki wa serikali alikuja na baiskeli kutoka Nachingwea, debe la perege limefungwa nyuma. Walikuwa wadogo kama vidole. Akatuambia tuwape pumba kidogo na majani machanga ya mihogo, tutie samadi ya mbuzi kidogo ili maji yawe ya kijani, na wakizidi tuwapunguze. Akanywa uji, akapanda baiskeli yake, akaenda zake. Hatujamwona tena mpaka leo.

Baba mkwe alifariki masika yaliyopita. Alikuwa mtu mpole, na yeye ndiye aliyekuwa akiwalisha samaki. Mama mkwe alipotoka eda, miezi mitatu sasa, kazi hiyo akaichukua yeye. Kila alfajiri anashuka bondeni na ungo wa pumba. Anasimama pale pale mumewe alipokuwa akisimama, na samaki wote wanapanda juu, midomo wazi, mamia ya midomo midogo inafumba na kufumbua. Yeye anawaamkia kwa Kimwera, mmoja mmoja karibu, kama anavyowaamkia jirani zake. Kisha anamwaga pumba.

Kwa Somoe, mke wangu, alisema hivi: samaki hawa wananijua, wananipokea kama walivyokuwa wakimpokea baba yako. Na akakataza wasivuliwe hata mmoja, kwa kuwa ni wa marehemu.

Hapo ndipo shida yangu ilipoanzia.

Mimi nawatazama samaki hawa kuliko inavyofaa, lazima nikiri. Najua dume anachimba kishimo cha duara kama sahani kwenye tope la chini na kukilinda kwa ukali. Najua jike anabeba mayai mdomoni, na siku zote hizo hali kitu. Bwawa likiwa na nafasi, raha kuwatazama. Lakini hawa wamezaana bila kupunguzwa, na kiangazi hiki maji yameshuka mpaka kiunoni. Madume hayana uwanja, yanapigana mpaka mapezi yanachanika. Majike yenye ukubwa wa kiganja yanazaa tayari. Wote wamedumaa.

Na ule mdomo wazi wa alfajiri haukuwa salamu. Hilo nilichelewa kulijua, na mpaka leo linanikera, maana kilichonidanganya kilikuwa mbele ya macho yangu. Mama akishamwaga pumba, jua likipanda kidogo, samaki wanashuka chini. Nani asingesema wameshiba? Hata mimi nilisema wameshiba. Mpaka mama alipokwenda msibani Narung'ombe siku nne, na nikazembea, sikuwapa chochote. Wakapanda alfajiri vile vile. Jua lilipopanda wakashuka vile vile, matumbo matupu.

Nikachota watano nikawatia kwenye debe la maji mapya ya chemchemi, niliyoyamimina kutoka juu mpaka yakatoa povu. Haukupita muda mrefu, wakatulia chini ya debe, mashavu yanakwenda taratibu. Wenzao bwawani bado wanahema juu. Basi nikaelewa. Usiku maji yale yanaishiwa hewa, na jua likiwaka inarudi kidogo. Pumba zisizoliwa zinaoza chini, samadi inaoza, maji yananuka yai viza, na samaki wanapanda kutafuta pumzi pale juu ilipobaki. Kadiri anavyowalisha ndivyo wanavyokosa pumzi, na kadiri wanavyokosa pumzi ndivyo wanavyopanda wengi kumpokea.

Mtu wa kwingine angesema, si umwambie? Siwezi. Mama mkwe na mkwewe wa kiume hatuzungumzi sisi. Nikimwona anakuja njiani naingia majanini, nageuza uso mpaka apite. Si ugomvi, ni heshima, na miaka saba hii sijaivunja. Nikiwa na neno nampa Somoe, Somoe anampelekea mama yake.

Nikampa Somoe neno. Nilimwambia pumba zinawaua samaki, ziachwe kabisa, na nusu yao watolewe. Somoe naye ni binti mwenye adabu. Akaona neno "zinawaua" halifai kupelekwa kwa mjane. Akaenda akasema, mume wangu anaomba pumba zipungue kidogo.

Mama akasikia mkwe wake ananyima. Pumba zile zinatoka kwenye mahindi yangu, basi akadhani namwonea choyo! Siku ya pili akaanza kutwanga mtama wake mwenyewe, na ungo ukaja umejaa zaidi ya mwanzo.

Nikatuma tena. Somoe akalainisha tena. Tukazunguka hivyo wiki tatu, mimi nanuna, mama anatwanga, samaki wanahema. Nilimkasirikia Somoe, naye akaniuliza kama nataka aitwe binti aliyemwambia mama yake kwamba anawaua samaki wa baba.

Juzi, Jumatano, nikashuka kabla hakujapambazuka vizuri. Harufu ilinipokea njiani. Saba walikuwa wanaelea, matumbo juu. Mmoja alikuwa jike, mdomo umeachama, na mayai ya manjano bado yamo ndani, mengine yamemwagika pembeni yake. Alikufa hakuyatema yote. Nilikaa chini kwenye matope. Sikulia, lakini ilibaki kidogo.

Mama mkwe akaja na ungo. Somoe alikuwa nyuma yake na ndoo, anakwenda kuchota maji. Mama akawaona wale saba, akaguna, akaanza kuharakisha, na nikajua anachowaza: wana njaa, nimechelewa. Akaingiza mkono kwenye pumba.

Ilikuwa zamu yangu kuingia majanini. Sikuingia. Nilisimama kwenye kijia mbele yake, macho nimeyaelekeza chini kwenye miguu yangu, nikasema, "Mama, hawana njaa. Hawapati pumzi."

Ilitosha. Kama ningeishia hapo, leo nisingekuwa naandika. Mkono wake ulikuwa umeshasimama, pumba zinamdondoka kati ya vidole, alikuwa amesikia. Lakini nilikuwa nimechoka, nimechoka na wiki tatu za kutumana, nimechoka na kuonwa mchoyo kwenye nyumba ninayoilimia. Nikaongeza, "Wanapopanda asubuhi hawakuamkii. Wanakufa."

Somoe aliangusha ndoo.

Mama aliutua ungo chini taratibu, akajifunika uso kwa upande wa kanga. Alipozungumza hakuzungumza na mimi, aliyaelekea maji. "Miezi yote mitatu?" akauliza.

Baadaye akamwita Somoe, nami nimesimama hatua nne tu kutoka hapo, akamwambia, mwambie mume wako afanye anavyojua. Somoe akageuka akaniambia. Nikasema, mwambie mama nimesikia. Somoe akamwambia. Kisha nikaingia majanini, akapita kwenda nyumbani bila ungo.

Kazi niliyofanya tangu saa ile ni ya punda. Siku mbili, jana na juzi. Nilitandaza chandarua kikuukuu nikawakokota perege zaidi ya nusu. Wakubwa kidogo waliliwa na jirani, wadogo nikawapeleka kwa madebe kwenye dimbwi la mtoni ambalo halikauki. Safari sikuzihesabu. Nilipunguza tope jeusi la chini kwa koleo, linanuka mpaka chakula cha jioni kilinishinda. Halafu nikachimba mfereji kutoka chemchemi, nikamalizia kwa mwanzi uliopasuliwa, ili maji yaanguke kutoka juu yakipiga kelele na kuingia na hewa yake. Mjomba wa Somoe alipita akasema najenga bomba la Wazungu. Nilikosa hata nguvu za kucheka.

Jana jioni maji yalikuwa yameanza kubadilika rangi. Dume mmoja alikuwa ameshaanza kuchimba kishimo chake, anabeba tope kwa mdomo na kulitema pembeni, anarudi tena, utadhani hakuna lililotokea. Nilimtazama nikaona vizuri moyoni. Nisiseme uongo, nilijisifu.

Somoe anasema mama hajala sawasawa tangu Jumatano. Hanilaumu. Hilo ndilo linaloniumiza, angenilaumu ningejua pa kuanzia. Nimekwisha shika kuku wa kuomba radhi, jogoo mwekundu, Somoe atampeleka kesho. Jogoo ni kwa ajili ya kusimama njiani na kufungua kinywa mbele ya mkwe. Kwa yale maneno ya pili, desturi yetu haina kuku wake, nimeuliza.

Najaribu kujitetea. Nilisema kweli. Samaki wangekufa wote kabla ya mvua, na angewazika samaki wa marehemu mmoja mmoja bila kujua sababu, angedhani kuna jicho la mtu. Lakini kweli ile ya kwanza ndiyo iliyowaokoa. Ya pili niliisema ili imuume, na iliuma.

Leo alfajiri nilishuka kuangalia mfereji. Nikasikia nyayo, nikajificha nyuma ya mihogo kama inavyotakiwa. Ni yeye. Mikono mitupu. Akaenda akasimama mahali pake.

Maji yalikuwa yametulia. Hakuna mdomo hata mmoja juu. Samaki wote wako chini, wazima, wanapumua kama samaki wanavyopaswa kupumua, na kwa siku mbili hizi nilikuwa nimevunja mgongo wangu ili nione jambo hilo hilo.

Akawaamkia. Sauti ndogo, kwa Kimwera, kama kawaida yake. Akasubiri. Akawaamkia tena.

Na mimi pale nyuma ya mihogo, na malengelenge yangu, nilijikuta namwomba Mungu apande mmoja. Mmoja tu, hata yule mdogo kuliko wote, hata kwa bahati mbaya.

Hakupanda. Mama alisimama mpaka jua likafika kwenye maji, kisha akageuka akapandisha kilima. Nami nikabaki nyuma ya mihogo, miguu imekufa ganzi, maana hakuwa amefika mbali bado, na sikuruhusiwa kutoka.