Pumzi za Mama Nyakio

Kapseret, 3 Februari 2025

Kwa mwanangu Jepchumba,

Salamu nyingi. Hapa sote wazima, isipokuwa goti langu, na sitaki daktari alipasue. Kwenye simu napiga kelele hadi ng'ombe wanashtuka, kwa hivyo Wesonga wa maziwa atakuletea barua. Kazi ya kutandika vitanda vya wagonjwa? Hata hapa vitanda vipo! Miezi yako ya majaribio ikiisha, rudi tukamue.

Baba yako,
Kigen

Eldoret, 19 Februari

Baba mpendwa,

Habari ya nyumbani? Goti je? Mimi mzima, ila nina hofu.

Sisi wasaidizi wa manesi hatutandiki tu. Tunapima joto na presha, tunahesabu pumzi. Jana asubuhi nilikuwa na haraka. Mama Nyakio, aliyepasuliwa mguu, nilimwandikia pumzi ishirini kwa dakika kama walioandika kabla yangu. Sikuhesabu.

Mchana kifua chake kilinikumbusha yule ndama wetu mgonjwa. Ulinikataza kumgusa kabla ya kuhesabu pumzi zake, asishtuke akazibadilisha. Basi nilimshika Mama mkono kama ninayepima mapigo, kumbe natazama kifua, asijue nahesabu pumzi. Thelathini na nne!

Sista Cate, nesi wa zamu, akasema, "Si asubuhi uliandika twenty? Ni maumivu tu."

Nikahesabu tena, nikarudi. "Sista, ya asubuhi nili-copy. Hii nimehesabu mara mbili."

Akamwita daktari, naye akaja mbio. Damu ilikuwa imeganda kwenye mapafu. Ameanzishiwa dawa na oksijeni, lakini bado ni mgonjwa sana. Kesho naitwa ofisini. Nikifukuzwa, niwekee ndoo ya kukamulia.

Mwanao,
Jepchumba

Kapseret, 21 Februari

Mwanangu,

Habari ya huyo mama? Tumemwombea kanisani bila kutaja jina. Ulikosea, tena vibaya, lakini ulisema mwenyewe. Hilo limenifurahisha kuliko ninavyoweza kuandika. Ndoo ipo, ila sitaki uishike kwa kufukuzwa.

Baba yako

Eldoret, 6 Machi

Baba,

Hamjambo? Mimi ni mzima kabisa! Nilipewa barua ya onyo, na nilistahili. Mama Nyakio ameenda nyumbani kwa magongo, akiusema vibaya uji wetu mpaka mlangoni. Sasa wasaidizi wapya wanaletwa kwangu niwafundishe kushika mkono na kutazama kifua. Baba, nataka kubaki.

Mwanao

Kapseret, 9 Machi

Jepchumba,

Sisi wazima. Baki. Ndoo nimempa ndugu yako Brian.

Mwambie daktari nimekubali goti lipasuliwe, mradi nilazwe wodi yako. Ukija kunishika mkono nitajua unahesabu nini. Nitanyamaza, nipumue kama kawaida.

Baba yako,
Kigen