Pasta Polycarpe na maji ya muto

Geneviève dada, mu kanisa yetu hakuna mwenye anasikilizaka mahubiri kama mimi. Leo nimelala mara mbili tu.

Lakini kwa hii nilikuwa macho kabisa!

Pasta Polycarpe amemukatalia Mama Muhawenimana Meza ya Bwana. Mbele ya watu wote! Eti Wakatoliki walimunyunyizia maji akiwa mutoto, na ule si ubatizo. Mpaka azamishwe mu muto. Bibi wa magoti mabovu, na hii baridi ya Masisi!

Mama wa watu amebaki na mukono wazi, kikombe kimemupita.

Na Pasta anaendelea na teolojia yake: «Maji ya kichwani ni ya kuosha nywele! Mimi nilizamishwa mpaka utosi!»

Mpaka utosi, dada! Muntu mwenye anabatizaka akiwa juu ya jiwe, na mabote ya mpira miguuni. Shemasi njo anaingiaka mu maji, analowaka!

Sasa, mama ya Pasta mwenyewe ametoka Walikale kumutembelea, alikuwa benchi ya mbele. Hasikiaki muzuri, kwa hiyo anasemaka kwa nguvu. Akauliza, «Anasema nini?» Wakamuelezea.

Kanisa yote ikasikia: «Polycarpe? Alizamishwa wapi? Siku ile ya ubatizo alikimbilia mu shamba ya mihogo, akarudi wakati ya chakula!»

Pasta: «Mama, ile… ilikuwa siku ingine.»

«Ingine gani? Maji unaogopa mpaka leo!»

Halafu Mama Muhawenimana, polepole: «Basi Pasta, tutaingia mu muto sisi wawili?»