Pikipiki ya Matairi Manne na Kamba za Viatu

Apple Valley, Minnesota
Mwezi wa kumi na moja

Mama Neema, mke wangu,

Kamwene. Najua barua hii itakukuta katikati ya masahihisho ya mitihani, kalamu nyekundu mkononi na chai imepoa pembeni. Kikohozi cha Neema kimekwisha? Na mama yako, mguu vipi? Kwenye simu ulisema anatembea, lakini hukusema kama ni kwa fimbo au bila fimbo, na kadi ikakata kabla sijauliza. Mimi mwili ni mzima. Kutulia ndiko kulikonishinda.

Nimehama tena. Ulipokuwa ukiniandikia Columbia Heights nilikuwa tayari Phillips, na sasa niko huku Apple Valley, ng'ambo ya mto, kwenye chumba cha chini katika nyumba ya wazee wawili wapole. Odhiambo, yule Mkenya muuguzi aliyenipokea nilipofika, anasema nikikaa mahali miezi sita naanza kuwashwa. Kazi yangu ya maabara ni ileile, chupa za damu tangu asubuhi. Saa ya chakula wenzangu wanakula, mimi nawasha gari, nazunguka mtaa mara mbili, narudi. Siendi popote.

Katika barua yako ya mwezi wa nane uliniuliza jambo moja tu: narudi, au nikutumie makaratasi uje wewe na mtoto? Tangu siku hiyo nimekupigia mara nyingi, tumeongea habari za mvua na ada na mchwa, na swali lako sijaligusa. Wewe nawe hukulirudia. Leo nalijibu, lakini kwanza nikueleze jambo nililokuficha. Tangu mwezi wa tisa nilikuwa mbioni kununua pikipiki ya matairi manne.

Najua unavyocheka. Ni mashine yenye tairi nne nene na usukani wa pikipiki, na dereva anaikalia kama amepanda punda. Watu wa huku wanaitumia kwa mambo mawili. Kabla ya baridi wanaingia nayo msituni, kwenye njia nyembamba zilizotengwa, kutembea tu na kurudi na matope usoni. Theluji ikianguka wanaifunga bapa la chuma kwa mbele na kusafisha njia na viwanja. Usharika wetu wa Kiswahili unaazima ukumbi wa kanisa moja la wenyeji, na sharti walilotupa ni kwamba theluji ya uwanja wa magari ni yetu. Mwaka jana tuliiondoa kwa masepeto, mzee wa kanisa akalala na mgongo wiki mbili. Kwenye kikao nikanyoosha mkono nikasema mwaka huu niachieni mimi. Wakanipigia makofi, na mimi makofi unajua yanavyoniponza.

Basi nikaanza kuchagua. Mwenzangu, sijawahi kufikiria kitu namna ile, hata wewe sikukuchagua kwa mahesabu hayo. Ya kusukuma theluji lazima iwe nzito, injini kubwa, magurudumu yote manne yavute kwa pamoja, na iwe na gia ya chini ya kusukumia taratibu. Mbele inafungwa winchi ya kuinua na kushusha bapa, maana ukilishusha kwa mkono kila mara utakesha. Ya msituni inataka kinyume chake. Iwe nyepesi, iwe nyembamba ipite katikati ya miti, na kila gurudumu la nyuma liwe na shokapu yake, la sivyo uti wa mgongo utakushitaki. Ukichukua nzito, porini inakuchosha mikono. Ukichukua nyepesi, ikikutana na theluji iliyolowa inateleza palepale, inaunguza mkanda unaozungusha magurudumu.

Odhiambo alinipeleka kaskazini kuzijaribu, kwa rafiki yake anayezikodisha. Nikapanda ile nyepesi. Mama Neema, ile njia ilipita kwenye misonobari, udongo umelowa, ukungu umekaa chini, harufu yake ni ileile ya kwetu ukipanda kuelekea shamba la baba. Kwa saa mbili sikuwashwa. Niliposhuka Odhiambo akaniuliza mbona macho mekundu, nikamwambia vumbi. Akatazama yale matope, akanipa kitambaa.

Kwa hiyo moyo ulitaka nyepesi na makofi yalitaka nzito. Nikaandika karatasi, nikagawa katikati kwa mstari, nikaibeba kazini wiki nzima. Mwisho Odhiambo akachoka na mimi. "Buda, wacha ku-waste time. Umeahidi kanisa, nunua ya ku-plow. Na ukishanunua, mwambie tu Mama Neema ukweli. Mtu wa kurudi home hanunui mashine ya snow." Nilimkasirikia, nikamwambia ndoa yangu siyo gari la wagonjwa, asiendeshe. Lakini maneno yale nililala nayo, kwa sababu alisema nilichokuwa nakikwepa. Nilitaka ile mashine inijibie swali lako. Ikishapaki nje, nikwambie basi, mambo yamekwisha kuwa hivi.

Jumamosi moja mchana tukaenda kwa mzee mmoja mkulima aliyetangaza kuuza yake. Nzito, kijani, bapa lake na winchi vikiwa juu yake, imetumika lakini imetunzwa. Mzee akaiwasha, akashusha bapa, akasukuma changarawe kidogo kunionyesha. Nikaipenda. Akataja bei, na mimi nikataja yangu. Akatikisa kichwa kwa upole, akairudia ileile ya kwanza.

Hapo ndipo nikakumbuka somo lako. Siku ile tunatafuta koti langu la harusi kwenye mitumba pale sokoni Njombe, uliponikanyaga mguu ukaninong'oneza: ukishasema bei yako ya mwisho, ondoka, tembea polepole, usigeuke, ukigeuka umeumia, atakuita tu. Na kweli yule jamaa alituita kabla hatujafika kwa muuza viazi. Basi nikamwambia mzee, "Haya, mimi nakwenda." Nikaondoka, polepole kama ulivyonifundisha, mkono mmoja mfukoni. Kimya. Nikainama kufunga kamba za viatu, na zilikuwa zimefungwa. Nikasikia nyayo zake kwenye changarawe, nikajua ananijia. Kumbe alikuwa anakwenda kufunga mlango wa banda. Akanipungia mkono akanitakia siku njema, akaniambia niendeshe salama.

Odhiambo alicheka mpaka akalalia usukani. "Hapa ukisema unaenda, wanajua unaenda," akasema. Mimi bado nilikuwa na matumaini. Namba yangu alikuwa nayo. Tukakaa kwenye kituo cha mafuta cha jirani tukinywa kahawa, simu nimeiweka mezani kama mtu anayengoja majibu ya ajira. Jumatatu nikavunja sharti lako la kutogeuka, nikampigia mwenyewe. Alikuwa ameiuza jioni ileile. Akashangaa kusikia kwamba nilikuwa bado naitaka. "Uliondoka," akaniambia. "Nikadhani huitaki. Ungesema tu."

Nilikata simu nikakaa kwenye ngazi. Sikuwa nahuzunikia mashine. Nilikuwa naiona stendi ya Njombe, miaka minne iliyopita, asubuhi ile ya baridi, Neema amelala mgongoni kwako. Basi linaunguruma. Nikakuambia haya, mimi nakwenda. Nikatembea polepole. Nikainama kufunga kamba za viatu, na zilikuwa zimefungwa. Uliliona lile? Nilikuwa nangoja uniite. Ungesema neno moja ningeshusha begi. Ukasema safari njema, nikapanda, na sikugeuka, kwa sababu wewe mwenyewe ulinifundisha nisigeuke. Miaka yote hii nimekuwa na hasira na wewe ambayo sikuijua jina, nikihama vyumba, nikizunguka na gari.

Na kwenye zile ngazi nikajiuliza kitu ambacho sikuwahi kujiuliza. Je, na wewe ulikuwa unangoja mimi nigeuke? Ulipokuwa ukiniambia kwenye simu, "Fanya unavyoona, Baba Neema," nilidhani umenichoka. Labda na wewe ulikuwa umeinama kwenye kamba zako. Ningesema tu. Ungesema tu. Tumefanyiana ujanja wa sokoni, mimi na wewe, wakati hakuna aliyekuwa anauza.

Odhiambo alinipatia nyingine wiki iliyofuata, ile nyepesi ya rafiki yake, na bapa dogo la kufunga. Niliikalia, nikashika usukani, nikashuka. Nilikwenda dukani nikanunua sepeto pana lenye mpini mrefu. Jana theluji ya kwanza imeanguka, nimesafisha uwanja wote wa kanisa kwa mikono tangu saa moja mpaka saa tano, mzee wa kanisa akinipigia makofi dirishani na mgongo wake mzima. Nitafanya hivyo msimu huu mmoja. Kazini nimeandika kwamba naacha mwezi wa nne, na tiketi ya kurudi nyumbani nimekata. Hilo ndilo jibu la swali lako.

Lakini sitaki uniambie tena nifanye ninavyoona. Kama nimechelewa, kama mlango ulishafungwa, sema. Hata kama ni neno baya, nitalipokea vizuri kuliko safari njema.

Nisalimie mama yako, umwambie fimbo ya mti wa huku namletea. Shemeji fundi wa pikipiki msomee sehemu ya winchi na shokapu, atafurahi, ila huko kwingine uruke. Mwalimu mkuu wako mpe heshima zangu. Neema mbusu, na ukimwona hanikumbuki usimlazimishe, nitaanza naye upya.

Hujaniita, Mama Neema, lakini nimegeuka.

Mumeo, kamba za viatu zimefungwa,
Baba Neema