Batri Inajaa Saa Tisa

Baba Glody,

Sombe iko ndani ya sufuria. Glody akitoka ku masomo, umupatie chakula mbele ya kucheza. Pano ya jua ulikuja nayo iko juu ya bati. Saa sita uigeuze.

Miezi munane ulikuwa mbali, kule Salamabila. Kila nilipokuuliza juu ya nini simu yako haipatikani, ulisema: "Pano iko kidogo, batri inaomba siku tano kujaa." Nikaamini. Nilikuombea jua mu kanisa, mbele ya watu wote.

Jana nilichukua ile batri ulikuja nayo, ikiwa tupu kabisa, nikaifunga ku pano yako ileile saa mbili ya asubui. Mawingu yalipita mara mbili. Saa tisa taa ya kijani ikawaka. Masaa saba tu, Baba Glody! Leo asubui nikakuuliza tena, polepole. Ukaniangalia mu macho, ukasema siku tano.

Niko naenda kwa mama, kule Wamaza. ~~Usinifuate.~~ Ukinifuata, uje na ukweli.

Miye sikuwa na pano. Miezi yote munane, kila siku nilitembea mpaka sokoni kuchaji simu, ili ukipiga unipate.

Mama Glody